Mkulima Mwenye Kisu Mdomoni

Wewe kijana niliyekuona Jumamosi pale kichinjioni, umeinama juu ya fahali na kisu umekibana kwa meno, nakuandikia wewe kwanza. Hukuniona. Nilikuwa nimesimama langoni, mama mzee mwenye kitambaa kichwani na mkoba wa kiondo, nimekuja kutafuta matumbo ya kupikia wageni. Nilipokiona kile kisu niligeuza uso. Nilinunua hayo matumbo nikaondoka bila kiondo changu, wakanikimbilia nacho mpaka barabarani.

Walidhani ni uzee. Acha wadhani hivyo, lakini wewe nataka ujue ni woga.

Jina langu ni Mwikali, ila huku upande wa Kathiani wengi hunijua kama Mama Mwende. Nilikuwa mwosha matumbo mpaka magoti yakakataa kazi. Mume wangu Kioko, Baba Mwende, alikuwa mchunaji. Kuchinja kulikuwa na mwenyewe aliyejua dua zake. Mnyama akishatulia kabisa, ndipo Kioko anaingia, anapasua ngozi kutoka kidevuni mpaka mkiani, halafu anakiacha kisu na kutumia ngumi. Nyinyi wa siku hizi mnachuna kwa kisu tu, ndiyo maana ngozi zenu zimejaa matundu. Kioko alisukuma ngumi kati ya ngozi na nyama, mkono mwingine ukivuta, na ngozi ikaachia vizuri bila hata mkwaruzo.

Sasa, mikono yote miwili ikiwa kazini, kisu kitakaa wapi? Sakafu ni damu na kinyesi. Mfuko wa koti utatoboka. Kwa hiyo kila mchunaji niliyemkuta pale alikiweka kisu mdomoni, kwa upande, makali yakiangalia nje, na akaweza hata kuongea nacho. Kioko alikuwa anaweza kunisengenya nacho mdomoni. Sisi wanawake tulioosha tuliona ni ufundi. Tulikuwa tunamcheka mgeni anayehangaisha macho akitafuta pa kuweka chake.

Aliyenifundisha mimi kazi ni Mwaitu Kalunde, yaani Mama Kalunde, na huyo alikuwa mkali. Siku yangu ya kwanza nilimwaga maji yanayotokota juu ya tumbo, nikiamini moto ndio usafi. Ngozi ile nyeusi ya ndani ikashikana na nyama kama gundi. Alinitazama akasema, "Wewe mtoto, umeosha ama umepika?" Akanionyesha: maji yawe moto wa kuchoma kidole bila kukibabua, uchovye, ukwangue, uchovye tena. Akanifundisha kugeuza utumbo mwembamba kwa kijiti, na kufungua lile tumbo lenye kurasa tunaloliita kitabu, ukurasa kwa ukurasa, maana uchafu hupenda kujificha huko. Wanunuzi wengi hawafungui mpaka wafike jikoni, halafu wanakutukana ukiwa mbali.

Jambo lililomfanya apaze sauti kuliko yote lilikuwa kibofu. Kabla wachunaji hawajatoa vya ndani, mtu lazima afunge shingo ya kibofu kwa uzi, akaze, ndipo wakate. Mkojo ukimwagika juu ya nyama, mkaguzi wa nyama anaikataa. Tulilinda nyama kweli kweli. Miguu yetu wenyewe hatukuifikiria. Tulisimama peku kwenye mtaro, visigino vimepasuka, kwa sababu gambuti, zile buti za mpira, zilikuwa zinateleza kwenye mafuta, na maji yakishaingia ndani yanakaa humo kutwa nzima. Mwaitu Kalunde alipaka nyufa zake mafuta ya ng'ombe na kusema zimepona.

Hiyo kazi ina harufu, msidanganyane. Unaoga, unajisugua kwa majani ya ndimu, na bado paka wa njiani wanakusindikiza. Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi kila Jumapili hata siku ya harambee. Basi tulijifunza kusema uongo mdogo. Mimi nikiulizwa kazi nilisema "biashara." Kioko alisema "mkulima."

Na uongo wake ulikuwa na historia. Marehemu baba yangu alikuwa ameapa kwamba binti yake hataolewa na mtu mwenye damu kwenye kucha. Kioko alikuwa ananiletea figo kila Jumamosi, ile moja iliyokuwa haki ya mchunaji, imefungwa kwa jani la mgomba, na mimi nilikuwa nimeshazoea figo. Kwa hiyo alipokuja nyumbani kujitambulisha akasema yeye ni mkulima wa mahindi na maharagwe. Haikuwa uongo mtupu. Shamba analo, na nani kwetu hana?

Siku ya ntheo ikafika, ile siku ya mbuzi ambayo kwa sisi Wakamba ndiyo inamfunga msichana kuwa mke. Upande wa bwana harusi ndio hushughulika na mbuzi. Wajomba zake Kioko wakaanza kuchuna, wanavuta huku na huku, wanatokwa jasho, ngozi haitoki. Baba yangu anatazama kutoka kwenye kiti chake. Kioko akavumilia, akavumilia, mwisho akashindwa. Akawasukuma, akabana kisu kwa meno, akaingiza ngumi, na kabla chai haijamiminwa mbuzi alikuwa uchi.

Baba yangu akasema, "Huyu ni mkulima wa aina gani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mjomba mmoja mjanja akajibu, "Wa mifugo," watu wakacheka, na ntheo ikaendelea. Tangu hapo neno mkulima likakwama kwa Kioko. Alilisema kwa chifu, shuleni kwa watoto, kanisani alipochaguliwa mzee wa kanisa. Mimi mwenyewe nilishalizoea, na kuna siku nilikuwa nalisema kwa niaba yake.

Mwaka ninaotaka kuwaambia, mvua za Desemba zilikuja kwa hasira baada ya ukame mrefu. Mnajua Krismasi ya huku. Watu wote wa Nairobi wanarudi nyumbani na kila boma linataka nyama. Kichinjio kilijaa ng'ombe mpaka nje ya lango. Nyuma kulikuwa na stoo ya ngozi, zimetiwa chumvi na kupangwa mpaka karibu na dari, zinasubiri lori, na ndani ya ngozi hizo panya walikuwa wamejenga kwao. Tulikuwa tunawasikia mchana kweupe. Tuliwazoea, tukawapa hadi majina.

Mtaro ukaziba. Maji yakarudi nyuma, yakapita kwenye stoo, yakaja mpaka kwenye sakafu ya kuchunia na kwenye sehemu yetu ya kuoshea. Maji ya rangi ya chai, vipande vya mafuta vikielea, panya nao wanaogelea kutafuta pakavu. Mmoja alipanda kwenye ndoo yangu. Nikapiga kelele, wenzangu wakacheka, nikamwaga ndoo, nikachota nyingine kutoka maji yale yale.

Kioko alikuwa na kidonda kwenye muundi, pembe ilikuwa imemkwaruza. Akakifunga kitambaa na kuingia majini. Kisu kikimponyoka anakiokota humo humo majini, anakipangusa kwenye aproni, anakirudisha mdomoni. Ninapofunga macho naona hapo, si pengine. Naona anakipangusa, nasikia anavyouma ule mpini.

Krismasi ikapita, tukala, tukaimba. Mwaka Mpya ukapita. Halafu asubuhi moja Kioko hakuamka kwenda kazini.

Homa ilikuwa ya kutetemesha kitanda. Kichwa kikimuuma nyuma ya macho. Nikampeleka zahanati ya karibu. Wakaandika jina, umri, wakauliza kazi. Akajibu, "Mkulima." Wakampa dawa za malaria na taifodi, wale mapacha wetu ambao kila homa huku husingiziwa. Siwalaumu. Mkulima mwenye homa baada ya mvua, ungemwandikia nini kingine?

Tukarudi nyumbani na dawa zikashindwa. Kilichonitisha kwanza ni mashavu ya miguu. Mtu aliyebeba paja la ng'ombe begani maisha yake yote alikuwa analia nikimfunika blanketi, eti blanketi linamgonga. Halafu macho yakawa mekundu, mekundu kabisa, na hayana tongo. Majirani waliokuja kumpa pole walitazamana. Nikasikia mmoja akinong'ona mlangoni, "Pombe ya Krismasi hiyo." Kioko hajawahi kuonja pombe. Nikafunga mlango nikarudi kwake.

Kisha akawa wa manjano. Nilikuwa nampanguza uso karibu na dirisha, nikavuta chini ya jicho, na weupe wa jicho ulikuwa umekwisha. Nikamuuliza, "Baba Mwende, leo umeenda haja ndogo?" Akafikiri. "Sikumbuki," akasema. "Hata jana sikumbuki."

Mwaitu Kalunde alikuwa amekuja na chakula cha muthokoi kwenye bakuli. Alisikia jibu hilo, akaliweka bakuli chini polepole. Akaniita nje, nyuma ya jiko, na yule mama ambaye sijawahi kumwona akiogopa ng'ombe wala mkaguzi alikuwa anakunja leso yake na kuikunjua.

"Nimewahi kuona hii rangi," akasema. "Wakati wewe hujaanza kazi. Mchunaji mmoja, halafu mwanamke tulikuwa tunaosha na yeye. Manjano, halafu mkojo ikakataa. Watu walisema ni kurogwa."

"Wakapona, Mwaitu?"

Aliinama akashika mashavu ya miguu yangu, akaminya kama anayenunua kuku sokoni. "Inauma?"

"Hapana."

"Ĩĩ, sawa. Nitakuuliza tena kesho. Sasa tafuta gari."

Jirani alitutoa na Probox yake. Njia nzima mpaka Machakos mjini nilikuwa nimeshika kichwa cha mume wangu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine najiminya miguu. Ilikuwa inauma? Ilikuwa haiumi? Mtu ukijiminya sana kila mahali panauma. Maji yale nilisimama ndani na mimi, na visigino vyangu vimepasuka. Niliwaza watoto. Niliwaza kama sote wawili tutalala, nani atawaambia.

Hospitalini kulikuwa na foleni, na kwenye foleni, Ngai wakwa, Mungu wangu, walikuwapo akina mama wa kanisa letu wamemleta mgonjwa wao, mwenyekiti wao akiwa mbele na kofia yake ya Jumapili. Wakatusalimia kwa upole mwingi. Daktari alikuwa msichana mwenye nywele za kusuka, anaonekana hajalala vizuri. Hakukuwa na chumba kitupu, kwa hiyo alituhudumia pale pale kwenye benchi.

Akamtazama macho, akambonyeza tumbo. Akauliza, "Mzee, unafanya kazi gani?"

Kioko alifungua midomo iliyokauka. "Mkulima."

Daktari akainamisha kichwa kuandika. Niliiona kalamu ikigusa karatasi. Nikageuka nikamwona mwenyekiti wa akina mama, anasikiliza huku anajifanya hasikilizi. Nikamwona na mume wangu, mzee wa kanisa, wa manjano, ananiangalia kwa jicho linalosema nyamaza. Hata akielekea kufa alikuwa bado anamwogopa baba yangu aliyekwisha kuzikwa.

"Daktari, hapana," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Huyu si mkulima. Anachuna ng'ombe kwa slota, kichinjioni. Mimi ni bibi yake, naosha matumbo. Tumefanya kazi ndani ya maji ya panya Krismasi yote, na yeye anashika kisu na mdomo."

Foleni nzima iligeuka. Kioko akafumba macho.

Daktari aliacha kuandika. "Mama, hebu rudia hiyo ya maji."

Nikarudia. Akauliza kama alikuwa na kidonda, nikafungua kitambaa cha mguuni. Akauliza lini amekojoa mara ya mwisho. Nilipomjibu alisimama akaita kitanda kwa sauti, na kuanzia hapo kila mtu alikuwa anatembea haraka. Walipokuwa wanamtoboa mshipa alinieleza kwa maneno mepesi. Ugonjwa una jina refu, leptospirosisi, mimi huliacha nusu njiani na kusema lepto. "Hiyo viini inakaa kwa figo ya panya, mama, hata ya ng'ombe na mbwa, na mnyama anaweza onekana hana shida. Inatoka na mkojo. Ikiwa kwa maji na wewe uko na kidonda, ama iguse macho, ama mdomo, inaingia. Inaenda kwa figo yako pia."

"Atapona?"

"Dawa iko. Tumeanza kuchelewa. Nataka kuona mkojo. Tukikosa, itabidi mashine ya kusafisha damu." Halafu akanitazama mimi juu mpaka chini. "Na wewe leta mkono. Utatolewa damu, na utakunywa dawa leo."

Ngoja niwaambie kuhusu kungoja mkojo. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa naukimbia. Nilifunga vibofu kwa uzi, nikakaza mpaka vidole vikakatika, tone lisimwagike. Sasa nimekaa kando ya kitanda, chupa tupu imening'inizwa kwenye chuma, na naiangalia kama watu wanavyoangalia barabara wakimngoja mtu wao. Maji yanaingia kwenye mshipa, hakuna kinachotoka. Uso wake ukaanza kuvimba. Niliomba dua nisizoweza kuzisema kanisani. Nilimtajia Mungu mkojo kwa jina lake, bila adabu yoyote. Nilikumbuka zile figo za Jumamosi kwenye jani la mgomba.

Kioko aliposema neno, ilikuwa ni kunigombeza. "Umeniaibisha mbele ya watu wa kanisa."

"Ndiyo. Pona uje unipige."

Hajawahi kunipiga. Akatabasamu upande mmoja, akalala tena. Nikaenda dirishani nikalia nikiwa nimempa mgongo.

Halafu ikafika saa ya wageni, alasiri. Akina mama wa kanisa walikuwa wameingia wodini kwa mstari na chupa za chai, mwenyekiti ameshafungua kitabu cha nyimbo. Kioko akanivuta gauni. "Mama Mwende. Leta hiyo chupa."

Nilidhani ameanza kupotewa na akili. Nikaileta, nikashusha shuka, nikangoja. Ilichukua muda. Kisha nikasikia. Kidogo, inakatika, inarudi. Ilikuwa nyeusi kama chai ya mkandaa isiyo na maziwa na haikufika hata robo. Nikaibeba kwa mikono miwili katikati ya wodi, nikawapita akina mama wote na nyimbo zao, nikiita, "Sista! Sista, imetoka!" Mwenyekiti alinipisha njia. Naambiwa aliwageuza wenzake wakaanza wimbo wa shukrani, ingawa mimi sikuusikia.

Figo zilirudi polepole. Mimi damu yangu ilikuwa safi, sijui kwa nini, hata daktari hakujua. Watu wa afya walikuja kichinjioni, wakafungua mtaro, wakahamisha stoo ya ngozi, wakaleta glavu na gambuti zenye soli ya kushika. Wachunaji wakashonewa mifuko ya ngozi ya kuvaa kiunoni, kisu kinaingia na kutoka bila kuguswa na meno. Mwaitu Kalunde alizikataa glavu, akasema hawezi kuosha asichokigusa. Nilimminya mashavu ya miguu mbele ya wenzake, kwa nguvu, mpaka akapiga kelele. Kesho yake alikuja amevaa. Sasa hivi ni marehemu, lakini alikufa kwa uzee, kitandani kwake.

Kwa hiyo kijana, ule mfuko wa kiunoni upo. Nimeuona umening'inia ukutani nyuma yako, mkavu, una utando wa buibui. Uvae. Vidonda vifunike visiingie maji. Panya msiwape majina. Na homa ikikushika, hata kama ni kidogo, hata kama anayeuliza ni msichana mrembo na nyuma yako yuko mama mkwe, ukiulizwa kazi sema unachuna ng'ombe. Sema na maji uliyosimama ndani. Harufu ya kazi wataisahau.

Kioko hakurudi kuchuna. Siku hizi ni mkulima kweli, na mahindi yake hayana maana. Choo chetu ni cha mabati, kiko nyuma ya jiko, na mimi hukaa hapo kuchambua maharagwe. Akiingia, mikono yangu husimama yenyewe. Nangoja nisikie. Miaka imepita na siwezi kujizuia. Naye anajua, maana kutoka ndani huita, "Mama Mwende, chambua maharagwe. Inatoka."